Sikio la Fundi

Ufundi ulianza kuniingia kupitia masikio, mikono ikafuata baadaye. Wakulima wa Mwea walipoasi mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuanza kujiuzia mpunga wao, vinu vya watu binafsi vilichipuka Wang'uru kama uyoga, nami nikapata kibarua katika kimoja. Nilikuwa nafagia pumba. Mzee aliyetunza mashine aliniona nikigeuza shingo kila mkanda ulipolia, akanipa bisibisi ndefu. "Weka ncha hapo penye beringi, mpini ubane nyuma ya sikio. Sasa niambie unasikia nini."

Beringi nzima huvuma kama mzinga ulio mbali. Iliyochoka hukwaruza, kama mtu anayetafuna wali wenye mchanga. Kwa miaka sita nilijifunza kuzitofautisha, kisha nikahamia Kagio, nikafungua kibanda karibu na soko la nyanya. Nilitengeneza pampu za maji, mota za poshomili, redio, chochote kilichozunguka au kuimba.

Mashine ya kukausha nguo sikuwa nimeiona. Nani aitake Kagio? Jua letu ni la bure na kamba ni ya shilingi chache. Lakini Julai moja, katika ile miezi ya baridi tunayoiita gathano, ambapo mawingu hushuka kutoka Mlima Kenya na nguo hukaa kambani siku tatu zikinuka uvundo, mama mmoja aliniita nyumbani kwake. Alikuwa muuguzi Uingereza kwa miaka mingi, akarudi na vyombo vyake. Plagi yao ni ile yetu ya miguu mitatu, na stima yao inakaribiana na yetu, kwa hiyo mashine ilifanya kazi bila kubadilishwa kitu. Mumewe alikuwa amelala kitandani tangu apooze. Mashuka yalibadilishwa mara tatu kwa siku.

"Fundi, inapiga kelele hadi mzee hapati usingizi," aliniambia. "Nikiiwasha usiku anaamka. Nisipoiwasha, asubuhi sina shuka."

Nilisikiliza. Ilikuwa inalia wii-wii-wii, mlio mwembamba unaofuata mzunguko. Nikafungua mfuniko wa nyuma, nikapulizia mafuta mepesi ya mkebe kila mahali palipozunguka. Kimya! Nikapokea hela yangu na chai, nikarudi dukani nikitembea kwa maringo.

Wiki tatu baadaye akanipigia simu. Mlio ulikuwa umerudi, na sasa ulikuwa na kishindo ndani yake, du-du-du. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mwanangu, mgonjwa akipewa dawa ya maumivu peke yake, ugonjwa unaendelea." Niliona haya kuliko kama angenitukana.

Safari hii nilifanya nilivyofundishwa kinuni. Nilichomoa plagi kabla ya kugusa chochote, nikaiburuta mashine mbali na ukuta, nikaifungua yote. Ndani, pipa la nguo hulala juu ya magurudumu madogo. Mkanda mmoja mrefu mwembamba hulizunguka, ukapita kwenye kapi ya mota, na kapi nyingine yenye springi huukaza usiteleze. Niliutoa mkanda, nikazungusha kila kitu peke yake kwa mkono. Mota ilikwenda laini. Kapi ya kukaza ilikwaruza kwenye vidole: mchanga katika wali. Gurudumu moja la pipa lilikuwa na bapa upande mmoja, ndiyo sababu ya kile kishindo kila lilipogeuka.

Mafuta yangu yalifanya nini? Yaliiosha grisi iliyobaki ndani ya beringi, yakakauka. Mengine yalinasa vumbi la nyuzi za nguo, yakawa ukoko mweusi. Vumbi hilo karibu na kifaa cha kupasha joto ni kama nyasi kavu karibu na jiko. Nilijaza nusu ndoo. Nilifikiria mgonjwa asiyeweza kutembea akilala chumba cha pili, na moto ambao haukutokea.

Kwenye beringi ya kapi palichorwa 608. Namba hizo ni lugha moja duniani: tundu la milimita 8, kipenyo cha nje milimita 22, unene milimita 7. Niliipata kwa muuza vipuri bila kuchelewa. Gurudumu lilinibidi nimpelekee fundi wa kuchonga vyuma, akatengeneza jipya la plastiki ngumu kwa kipimo cha lile zima. Nilizoa vumbi lote, nikarudisha mkanda, nikakumbuka kumwonyesha mama kichujio kinachotakiwa kusafishwa kila baada ya kukausha nguo.

Tukaiwasha. Niliweka bisibisi, mpini nyuma ya sikio. Mzinga ulio mbali. Mama alisimama mlangoni, hakuwa akiisikiliza mashine kabisa. Alikuwa ameelekeza sikio chumba cha pili. Baada ya kitambo akanong'ona, "Anakoroma."

Sikuchukua malipo ya siku ile. Nilikuwa nimekwisha kulipwa ile ya kwanza, kwa kazi ambayo sikuifanya.