Nilivyojifunza Kusoma Ankara

Ankara ya wakala ilikuwa na safu tano, na kwa muda mrefu mimi nilisoma moja tu, ile ya mwisho yenye jumla. Nikishaisoma nampigia simu bosi, bosi anaguna, tunalipa. Pesa za kuchezea hatukuwa nazo. Tulilipa kwa sababu hatukujua tunalipia nini, na mtu asiyejua anacholipia hana pa kuanzia kuomba apunguziwe.

Nazungumzia kwadi, zile pikipiki za magurudumu manne ambazo mgeni akifika Nungwi au Kendwa anazikuta zimepangwa kando ya barabara, zikisubiri kuzungushwa vijijini. Nilipopewa kazi ya kuzisimamia mwaka 2013, kaskazini mwa Unguja zilikuwa bado chache. Bosi alinunua za kwanza zikiwa mpya, kwa wakala wa Dar es Salaam, na pamoja na funguo tukakabidhiwa kijitabu cha waranti chenye kurasa za kugongwa muhuri. Sharti lake lilikuwa fupi na kali: sevisi zote kwa wakala, spea zote kutoka kwa wakala, na muhuri mmoja ukikosekana, waranti imekufa.

Kijitabu kile hakikuijua pwani. Chombo chenyewe asili yake ni ya mbali: Honda waliingiza chao cha kwanza sokoni Marekani mwaka 1970, kikiwa na magurudumu matatu manene, kwa kuwa wauzaji wa pikipiki wa kule walitaka kitu cha kuuza majira ya baridi, wakati pikipiki za kawaida zinalala dukani. Vya magurudumu manne vilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hesabu za sevisi zilipangwa kwa watu wa theluji, matope na mashamba makubwa. Sisi tuliviingiza kwenye mchanga wenye chumvi, kwenye njia za maweni zinazopiga shokapu kutwa nzima, na kwenye mikono ya wageni ambao wengi wao hawajawahi kuendesha hata vespa.

Kwa hiyo vilikufa mapema, tena kwa mpangilio ule ule. Zilitangulia beringi za ekseli ya nyuma. Zikafuata sili za oili, kisha pedi za breki, kisha mipira inayofunika viungo vya ekseli za mbele; ikishapasuka, mchanga unaingia kwenye grisi na kusaga chuma. Kila ugonjwa ulikuwa na safari yake: tunapandisha kwadi juu ya kirikuu hadi bandarini Malindi, inavuka kwa meli ya mizigo, inapokelewa Dar, inakaa foleni. Msimu wa Julai na Agosti, wageni wakiwa wengi, chombo kinaweza kulala karakana ya wakala wiki kadhaa huku kibanda chetu kikikataa wateja.

Halafu inakuja ankara. Safu ya kwanza ilikuwa na namba ndefu ya kiwanda, mchanganyiko wa tarakimu na herufi usiofanana na kitu chochote dukani. Ya pili jina la spea. Ya tatu idadi, ya nne bei ya kila moja, ya tano jumla. Chini yake zilikaa saa za ufundi, na hizo hazikutoka kwenye saa ya ukutani. Zilitoka kwenye jedwali: kazi fulani kiwanda kimeipangia saa mbili, basi unalipa saa mbili hata kama kijana ameimaliza kabla chai yake haijapoa. Kisha kiasi kidogo cha “vifaa vya karakana”, yaani matambara, grisi na dawa ya kulegezea nati. Kisha VAT ya asilimia 18 juu ya yote hayo.

Mwaka wa pili, katikati ya msimu, gurudumu la nyuma la kwadi moja lilianza kuyumba, na meli iliyofuata ilikuwa imejaa. Kuna mzee mmoja Mkokotoni, fundi wa mashine za boti, ambaye wavuvi wa Tumbatu humpelekea injini zao. Hakuwahi kufungua kwadi. Aliitazama, akaizunguka, akasema, “Hii boti tu, mwanangu, ila imepanda nchi kavu.” Akaitoa ekseli, akaisafisha beringi kwa tambara lenye petroli, akaielekeza kwenye mwanga.

“Soma hapo.”

Ubavuni palikuwa na maandishi madogo: 6205-2RS. Akaniambia nichukue tarakimu mbili za mwisho nizidishe kwa tano. Ishirini na tano. Ndiyo milimita za tundu la katikati. Ikiwa 6204 ni ishirini, ikiwa 6206 ni thelathini. Hesabu inakwenda hivyo kuanzia sifuri nne na kupanda. Ile 2RS maana yake ina ngao za mpira pande zote mbili. Sili ya oili nayo ina namba tatu: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje, unene. Viwanda vingi vinavyotengeneza vitu hivi vinafuata vipimo vile vile.

“Beringi haina kabila,” akasema. “Hii utaikuta kwenye mota ya umeme, kwenye pampu ya maji, popote. Yenyewe haijui imefungwa wapi.”

Nikarudi ofisini nikazitoa ankara za nyuma. Ile namba ndefu ya kiwanda, iliyonitisha muda wote, ilikuwa jina la pili la kitu ambacho wauza spea wa Gerezani, Dar, wanakipanga rafuni kwa mafungu. Nilipovuka kwenda Dar kwa shughuli nyingine nikaingia dukani na kuuliza 6205 yenye ngao mbili. Muuzaji hakuniuliza ni ya chombo gani. Kwa wakala tulikuwa tunailipia karibu mara sita.

Ningeishia hapo, hii ingekuwa hadithi ya wakala mwizi na fundi mwema, lakini mambo hayakwenda hivyo. Beringi za kwanza za Gerezani zilikuja na boksi zuri lenye jina kubwa la Ulaya, na hazikumaliza msimu. Boksi lilikuwa la jina kubwa, chuma kilikuwa cha mtu mwingine. Mzee alizipima mkononi, akazizungusha karibu na sikio, akazitia kwenye kopo la vyuma chakavu. Kumbe katika ile mara sita, sehemu moja ilikuwa ya kitu cha kweli: wakala anapokuuzia beringi, anakuhakikishia imetoka wapi. Nikatafuta duka ambalo mwenyewe anakubali kurudishiwa mali, nikawa nalipa zaidi ya bei ya mtaani, na bado nikabaki mbali sana na bei ya wakala.

Hapo ndipo nilipoanza daftari. Kila spea niliiandikia namba yake ya kweli, vipimo, nilikoipata na muda ilioishi. Baada ya misimu kadhaa daftari lilijigawa lenyewe. Kulikuwa na vitu vya dunia nzima: beringi, sili, plagi, boliti, oili ya daraja lililotajwa kwenye kitabu. Kulikuwa na vitu vya kutengenezewa hapa hapa, kama bushi za mikono ya mbele, ambazo fundi wa kukereza vyuma pale mjini alizitoa kwenye shaba, zikaishi muda mrefu kuliko za plastiki zilizokuja na kwadi. Na kulikuwa na vitu ambavyo kiwanda kimevishika na hakiviachii. Mkubwa wao ni mkanda wa mpira unaozungusha gia zisizo na klachi. Tulijaribu wa bei nafuu, urefu ule ule, upana ule ule. Ulikatika njia ya Matemwe, mgeni akiwa juu, jua la saa saba. Vipimo vilikuwa sawa, mpira haukuwa sawa. Tangu siku hiyo mkanda tunanunua kwa wakala tu.

Mzee kwa upande wake alishughulikia kile ambacho wakala hakuwahi kukigusa, yaani sababu ya beringi kufa. Kwa mtu wa boti chumvi si jambo geni. Akatuagiza tuoshe kwadi kila jioni kwa maji baridi, tena kwa mpira wa kawaida, kwa kuwa mashine ya kusukuma maji kwa nguvu inapenya sili na kuingiza mchanga ndani. Akatoboa nyumba ya beringi za nyuma, akaweka nipeli, ili grisi mpya isukume ya zamani nje. Grisi yenyewe ikawa ile ya mashine za boti. Beringi iliyokuwa ikifa kila baada ya miezi michache ikaanza kuvuka mwaka. Akiba kubwa kuliko zote tuliyoipata ilitoka hapa, kwenye ndoo ya maji na bunduki ya grisi.

Nilipokwenda tena kwa wakala nilikwenda na orodha. Mkanda bei gani peke yake, gasketi bei gani, ufundi sitaki. Kijana wa kaunta ya spea hakufurahi mara ya kwanza. Baadaye tulizoeana, akawa ananieleza upande wao: spea fulani inakaa rafuni mwaka mzima ikisubiri mteja mmoja, nyingine inaletwa kwa ndege kwa sababu mteja hawezi kungoja meli, na mafundi wao wanapelekwa mafunzo kwa gharama ya kampuni. Niliyakubali. Nikamwambia nasi tutawapunguzia mzigo wa kungoja: wenye kwadi wa Nungwi, Kendwa na Matemwe tukaanza kuagiza mikanda kwa pamoja kabla ya msimu, tukapewa bei ya jumla. Maneno ya ukali hayakuwahi kutupatia punguzo kama lile.

Kisha ukaja mwaka 2020. Aprili ndege za kimataifa zikasimamishwa, na ingawa anga lilifunguliwa Mei, wageni hawakurudi siku hiyo hiyo. Kwadi zilikaa chini ya makuti, petroli ikakauka ndani ya kabureta na kuacha utomvu unaoziba vijitundu. Hapakuwa na shilingi ya kumpelekea wakala. Mzee akawaweka vijana wetu mkekani, kila mmoja na kabureta yake, akawafundisha kuifungua, kuisafisha na kuirudisha bila kubaki na skurubu mkononi. Wageni walipoanza kumiminika tena mwishoni mwa mwaka, karakana tulikuwa nayo wenyewe.

Nilidhani mambo yamekwisha, hadi bosi aliponunua kwadi mpya za mfumo wa sindano. Kabureta hakuna, petroli inapimwa na kompyuta. Siku moja taa ya injini ikawaka, chombo kikawa kinakohoa kikipanda mlima. Mzee aliyesoma ubavu wa kila chuma akakosa cha kusoma. Wakala akatoza ada ya kuunganisha kompyuta yake, na profoma ikasema tubadilishe kifaa chote cha kuingizia hewa. Bei yake ingenunua injini ya boti iliyotumika. Tulirudi kule kule: namba tusiyoielewa na jumla ya kutisha. Tofauti ni kwamba safari hii maarifa hayakuchongwa kwenye chuma. Yamefungiwa ndani ya programu.

Mjukuu wa mzee, aliyetoka chuo cha ufundi cha VETA, alinunua Kariakoo kijimashine cha kusomea hitilafu. Kikatoa P0120, yaani umeme wa kihisio cha valvu ya hewa haueleweki. Kijana hakukimbilia kubadilisha kitu. Alifuata waya hadi kwenye soketi, akaichomoa, akakuta pini zimeota ukungu wa kijani. Chumvi tena. Akasafisha, akapaka grisi ya umeme, taa ikazimika. Lakini kijimashine chake kina mipaka. Ukibadilisha vifaa fulani lazima kompyuta ya chombo ifundishwe upya, na ufunguo wa kufanya hivyo anao wakala peke yake.

Ndiyo sababu siku hizi nasoma sheria kuliko katalogi. Marekani wana sheria ya mwaka 1975, Magnuson-Moss, inayomkataza mtengenezaji kuifunga waranti na spea au karakana yake mwenyewe, isipokuwa atoe hivyo bure au apewe ruhusa maalumu. Jimbo la Colorado lilipitisha mwaka 2023 sheria inayowalazimisha watengenezaji wa mashine za kilimo kuwapa wakulima miongozo, spea na programu za kutengenezea, ikaanza kutumika Januari 2024. Kwadi yangu haiko Colorado, lakini nimeona ugomvi wetu wa Kendwa na wa mkulima wa kule ni mmoja: nani anaruhusiwa kujua chombo kimeharibika nini.

Kwa kuwa sheria kama hiyo sina mkononi, ugomvi huo nimeuhamishia kwenye manunuzi, wakati muuzaji bado ananihitaji. Kabla bosi hajatoa pesa, mimi naomba mwongozo wa karakana, si kile kijitabu cha mihuri. Naomba bei ya kuunganisha kompyuta iandikwe kwenye mkataba. Naomba iandikwe pia kwamba tukibadilisha oili na beringi wenyewe, na daftari likaonyesha tarehe na vipimo, waranti inabaki hai. Wengi hucheka, wengine husema kampuni hairuhusu. Mara ya mwisho mmoja aliomba muda awaulize wakubwa wake, akarudi na mwongozo mzima na karatasi iliyosainiwa. Bei yake ya chombo ilikuwa juu kuliko ya wenzake. Tukanunua kwake.