Nilimchora Mume Wangu, Ndipo Nikamwona

Nilianza kuchora nikiwa na miaka 31, penseli ya 2B na daftari la michoro la mwanangu. Wa kumchora hakuwa mbali: mume wangu, kila Jumapili, kochini, mpira kwenye TV.

Mchoro wa kwanza ulikuwa aibu tupu. Kichwa kama boga, miguu ya mbuzi! Baadaye nikajifunza kipimo: mtu mzima ana urefu wa vichwa kama saba na nusu, na macho yako katikati ya kichwa, si juu kama wengi tunavyoyaweka. Unanyoosha mkono, unafumba jicho moja, unapima kwa penseli. Mwenzangu akawa ananitania, "Mama, unanishonea suti?"

Kilichonishinda ni mpangilio. Kila mara nilimweka katikati ya karatasi kama picha ya pasipoti. Jumapili moja nikamsogeza pembeni, nikaacha kochi lililobaki wazi. Nikautazama ule mchoro. Mabega yameanguka. Mgongo, ambao miezi miwili nyuma niliuchora umenyooka, sasa umepinda kama mundu.

Nikamwonyesha. "Mpenzi, kuna nini?"

Kimya. Halafu akasema. Kazi iliisha wiki tatu zilizopita. Kila asubuhi alikuwa anavaa tai, anakwenda kushinda dukani kwa rafiki yake Kariakoo.

Nililia. Nilikasirika pia, jamani, wiki tatu!

Jumatatu hakuvaa tai. Alikaa mezani, akaomba penseli, akaniambia nitulie. Kichwa changu amekichora kama boga.