Mwalimu Mezani Houston, Mwalimu Barazani Tandika

Ukimwambia mtu wa Tandika, Temeke, kwamba wanao hawaendi shule, atakuuliza wanaumwa nini. Mama yangu aliniuliza hivyo hivyo kwenye simu. Huku Texas mzazi anaruhusiwa kuwafundisha wanawe nyumbani bila kuomba kibali, mradi awafundishe kwelikweli, hesabu na uraia vikiwemo. Ratiba ni yangu, na meza ya chakula ndiyo darasa.

Wenzangu wa hapa wana mtindo wao: humchukua kiongozi mmoja, mara nyingi Lincoln, wakampitisha katika masomo yote kwa wiki kadhaa. Nikasema na mimi nina wangu: Mwalimu Nyerere.

Tukaanza na hesabu. Tangu TANU ianzishwe 7 Julai 1954 hadi Uhuru, 9 Desemba 1961, ni muda gani? Miaka 7, miezi 5 na siku 2. Kutoka Pugu, alikofundisha Nyerere, hadi mjini Dar es Salaam ni kama kilomita 20. Mtu atembeaye kilomita 4 kwa saa atafika baada ya saa ngapi? Sayansi ilitupandisha Kilimanjaro, mita 5,895, na swali la Mwenge wa Uhuru uliopandishwa huko: moto unawakaje hewa ikiwa nyepesi? Kwenye lugha tulikaa siku tatu nzima. Mwalimu alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice, kitabu kilitoka mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Kwa nini mabepari, wala si wafanyabiashara? Binti yangu alikumbuka Azimio la Arusha la 1967 kabla sijamdokeza. Nikavimba kichwa.

Julai tukaenda nyumbani Tandika. Mpwa wangu wa darasa la tano aliitaja tarehe ya Uhuru bila kumeza mate. Lakini hakujua kwamba bendera ya Tanganyika ilipandishwa Uwanja wa Uhuru, palepale anapopita akienda kuwatazama Simba na Yanga kwa Mkapa. Tarehe imo kwenye daftari la historia, uwanja uko barabarani, na hakuna kipindi kinachovikutanisha. Temeke ina vifaa vya kufundishia ambavyo mimi Houston navichapa kwenye karatasi: uwanja huo, viwanja vya Sabasaba Barabara ya Kilwa, daladala la kwenda Pugu.

Nilikuwa nimeshaanza kujiona mwalimu bora kuliko wote, mpaka jioni barazani.

Wanangu walimwamkia mzee wa jirani, kisha wakamweleza habari za Mwalimu wao mzuri. Mzee akacheka. "Wajukuu zangu, mama yenu amewaambia habari ya foleni?" Akawasimulia miaka ya themanini: duka la kaya, unga wa njano, watu kupanga mawe kwenye mstari wa sukari ili warudi kulala. Akawapa na habari ya jamaa zake waliohamishiwa vijijini kwa nguvu.

Mama akamkatiza. "Na vita vya Kagera je? Na nani alikusomesha wewe bure?" Kisha akasema jinsi alivyosimama juani Oktoba 1999, hapo uwanjani, kumuaga Mwalimu. Mzee naye alikuwepo. Akakiri kwamba alilia, ila sukari bado anaidai.

Wanangu walikodoa macho. Wiki sita nimewafundisha Nyerere katika masomo matano, na hakuna hata mmoja aliyewahi kubishana nami. Wangebishana vipi? Mwalimu mimi, mtaala mimi, msahihishaji mimi. Mpwa wangu hana mtu wa kumuunganishia vipindi, ila ana baraza zima la kumpinga mwalimu wake.

Sasa kila Jumamosi asubuhi tunampigia Bibi, tunaiweka simu katikati ya meza. Mzee huitwa. Kwenye ratiba ukutani binti yangu amekiandika kwa kalamu nyekundu: Kipindi cha Ubishi.