Mwaka mmoja wa MBA: Oxford au Fontainebleau, na watoto je?

Anayeshuka treni kwenye stesheni ya Oxford hahitaji teksi kufika shule ya biashara ya chuo kikuu hicho. Iko ng'ambo ya barabara, jengo lenye mnara wa kijani uliochongoka, lililofunguliwa mwaka 2001. Mbele yake baiskeli zinapishana na mabasi, na mwendo wa dakika chache tu unamfikisha mtu kwenye vyuo vya mawe vilivyokuwepo karne nyingi kabla ya mnara huo. London iko umbali wa saa moja hivi kwa treni.

Kwa mzazi aliyekaa benki miaka kumi na sasa anataka kuhamia kwenye nishati au afya, mji huu unavutia. MBA yake ni ya mwaka mmoja, na jina halihitaji kuelezwa kwa mwajiri yeyote. Ada pekee inazidi pauni 75,000, kabla ya pango na chakula.

Ila kuna jambo ambalo vipeperushi havilitangulizi. Tangu Januari 2024, Uingereza hairuhusu wanafunzi wa shahada za uzamili za darasani, MBA ikiwemo, kwenda na mwenzi au watoto, isipokuwa wachache kama wanaolipiwa na serikali. Mtoto wa miaka minne atabaki kwa bibi. Mwaka mmoja kwa mtu mzima ni mfupi. Kwa mtoto huyo ni robo ya maisha yake.

Ndiyo maana baadhi ya wazazi huangalia ng'ambo ya bahari, Ufaransa. Treni kutoka Gare de Lyon, Paris, huchukua kama dakika 40 kufika stesheni ya Fontainebleau-Avon. Mji wenyewe ni mdogo na mtulivu. Kuna kasri la wafalme lenye vyumba zaidi ya 1,500, ambako Napoleon aliwaaga askari wake mwaka 1814, na pembeni msitu mkubwa wenye miamba ambayo watoto huparamia wikiendi bila kulipa senti. INSEAD, iliyoanzishwa mwaka 1957, ilifundisha wanafunzi wake wa kwanza ndani ya kasri hilo kabla ya kujenga kwake ukingoni mwa msitu.

MBA ya INSEAD ni ya miezi 10 tu, na ada ni karibu euro 100,000. Hapa ndipo anayebadili kazi anapaswa kusoma kalenda kwa makini kuliko anavyosoma orodha za vyuo bora. Wanaoanza Januari hupata mapumziko ya kiangazi, nafasi ya kufanya mafunzo kazini katika sekta mpya. Wanaoanza mwishoni mwa Agosti hawana mapumziko hayo. Anayerudi kwenye kazi yake ya zamani hatapungukiwa kitu, lakini asiyewahi kufanya kazi ya nishati hata siku moja atakwenda kwenye usaili na vyeti vitupu. Kwake, Januari ndiyo chaguo la busara.

Ufaransa haijaweka katazo kama la Uingereza. Hata hivyo mwenzi na watoto huomba visa zao wenyewe, na mara nyingi mwenzi hupewa ya mgeni, isiyoruhusu kufanya kazi. Maana yake nyumba inaishi mwaka mzima bila mshahara hata mmoja. Hilo lijadiliwe mezani kabla ya fomu kujazwa, na si baba au mama peke yake aamue.

Shule za serikali hazitozi ada, na elimu ni ya lazima kuanzia miaka mitatu. Lakini masomo ya baba au mama ni kwa Kiingereza, ya mtoto ni kwa Kifaransa. Na anayefika Januari atawakuta wenzake wameshaketi darasani tangu Septemba, nje kukiwa na baridi kali na giza likiingia mapema jioni.