Andazi Kurudi Unga



Liko swali linaloulizwa sana katika mabaraza yetu baada ya sala ya isha, nalo ni hili: je, ni kweli kwamba wataalamu sasa wanaumba? Mmoja husema amesikia kondoo amezaliwa bila ya baba. Mwengine husema Wajapani huchukua ngozi ya mtu wakaigeuza kuwa chembe za moyo. Hapo baraza hugawanyika. Wako wasemao, "Astaghfirullahi, huko ni kushindana na Mola," na wako wasemao, "Mambo hayo yote yamo katika Qur'ani tangu zamani, hao wametuiga tu." Kisha kahawa huletwa, na mazungumzo yakahamia bei ya samaki. Mimi naona makundi yote mawili yamefanya haraka, kwani hakuna aliyeuliza jambo linalotakiwa kutangulia: hao watu wamefanya nini hasa?

Kila mmoja wetu alianza kwa chembe moja, ndogo kuliko nukta iliyo mwisho wa sentensi hii. Chembe hiyo ikagawanyika zikawa mbili, mbili zikawa nne, mpaka zikapatikana za mfupa, za ini, za ngozi na za jicho. Waliosoma vyuoni wanazijua daraja za nutfa, alaqa na mudhgha. Swali lililowasumbua wataalamu kwa muda mrefu ni hili: chembe ikishakuwa ngozi, je, imepoteza maarifa ya kuwa kitu kingine? Wengi walidhani ndivyo. Unga ukishakandwa na andazi likakaangwa, hakuna mpishi awezaye kulirudisha kuwa unga.

Huko Oxford, Uingereza, alikuwako kijana aitwaye John Gurdon, ambaye shuleni alikuwa wa mwisho katika somo la viumbe, na mwalimu wake akaandika kwamba ni upuuzi kwake kutaka kuwa mwanasayansi. Kijana huyo alichukua mayai ya chura wa Kiafrika, yule mwenye kucha miguuni atokaye kusini mwa bara letu. Aliua kiini cha yai kwa mionzi, akatwaa kiini cha chembe ya utumbo wa kiluwiluwi, akakitia mahali pake. Katika tajriba alizozitangaza mwaka 1962, alihamisha viini 726, na viluwiluwi wazima waliopatikana walikuwa 10 tu. Utasema ni wachache. Lakini hata mmoja angelitosha, kwani chembe ya utumbo isingeliweza kuleta macho na mkia kama maarifa ya macho na mkia hayakuwamo ndani yake. Kitabu kizima kilikuwamo. Kurasa zilikuwa zimefungwa, hazikuchanwa.

Kondoo wa barazani ni Dolly, aliyezaliwa Roslin, Scotland, tarehe 5 Julai 1996, kwa kiini kilichotoka katika kiwele cha kondoo wa miaka sita. Ilijaribiwa mara 277, akazaliwa yeye peke yake. Habari zake zilipotangazwa mwaka 1997, Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Jeddah halikukawia. Wanavyuoni na madaktari walikaa pamoja mwaka huo huo, wakaharamisha kumfanyia mwanadamu jambo hilo, wakaruhusu kwa mimea na wanyama katika mipaka ya sharia na maslaha. Ndugu zetu walioko Dubai watakumbuka ngamia Injaz, aliyezaliwa huko Aprili 2009 kwa njia hiyo hiyo.

Mwaka ule wa 1962 alizaliwa Osaka mtoto Shinya Yamanaka. Alipokua alikuwa daktari wa kupasua mifupa, kisha akaiacha kazi hiyo akaingia katika utafiti. Yeye na mwenzake Kazutoshi Takahashi, katika mji wa Kyoto, walichagua jeni 24 walizozidhania kuwa ndizo zishikazo utoto wa chembe, wakazitia zote katika chembe za ngozi ya panya. Baadhi ya chembe zikarudi utotoni. Wakawa wanaondoa jeni moja moja, kama mpishi atakaye kujua ni kiungo gani hasa kileta ladha, mpaka wakabakiwa na nne. Hayo waliyatangaza mwaka 2006, na mwaka wa pili wakafanya vivyo kwa ngozi ya mwanadamu. Hapakuhitajika yai wala mimba. Mwaka 2012 Gurdon na Yamanaka wakapewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja. Andazi limerudi unga.

Je, huko ni kuumba? Kwa maoni yangu, hapana. Yamanaka hakutengeneza hata chembe moja kutoka kitu kisichokuwapo. Aliikuta nyumba imejengwa na milango imefungwa, akapata ufunguo wa mlango mmoja. Na wale wasemao kwamba yote tuliyajua, nawaomba wapunguze kidogo. Tajriba hujirekebisha kila mwaka. Ukiitundika aya juu ya maneno ya wataalamu wa leo, na kesho wataalamu wakabadili maneno yao, kijana wako atakuuliza aya ibaki juu ya nini.

Lakini, ndugu msomaji, sikuishika kalamu kwa ajili ya mjadala huo. Nimeishika kwa ajili ya mama yangu mdogo.

Ana miaka 79. Kwa muda mrefu aliwasomesha watoto wa mtaa wetu msahafu. Sasa ana ugonjwa wa uzee ulao katikati ya lile pazia la ndani ya jicho liitwalo retina, hata pembeni huona kidogo, lakini uso wa mtu aliye mbele yake haupo. Sisi hutujua kwa sauti. Wanawe walioko Muscat waliletewa karatasi na hospitali moja ya ng'ambo, iliyoahidi kumtibu kwa "chembe shina" zitakazopigwa sindano katika macho yote mawili, malipo yatangulie safari. Walitaka kuuza shamba la minazi. Wakanijia mimi niwaulizie kwa masheikh kama dawa hiyo ni halali.

Niliwaambia kwamba uhalali ni swali la pili. Nikawasimulia mambo mawili ambayo gazeti moja la madaktari wa Marekani liliyachapa katika toleo moja, mwezi wa Machi 2017, na yote mawili yahusu ugonjwa ule ule wa mama yao.

La kwanza lilitoka Japani. Katika mji wa Kobe, Septemba 2014, bibi mmoja wa miaka ya sabini alitolewa chembe za ngozi yake, zikarudishwa utotoni kwa njia ya Yamanaka, zikalelewa mpaka zikawa utando wa jicho, akapandikizwa katika jicho moja tu. Baada ya mwaka madaktari wakaandika kwamba uoni wake haukuongezeka wala haukupungua. Hawakupamba. Alikuwako mgonjwa wa pili, chembe zake ziko tayari, dunia nzima inangoja. Walipozikagua wakakuta jeni zake zina mabadiliko wasiyoyaamini, wakasimama. Hawakumpandikiza.

La pili lilitoka Florida. Wanawake watatu, wenye umri kati ya miaka 72 na 88, walilipa dola 5,000 kila mmoja. Walinyonywa mafuta ya mwilini, ikasemwa kuwa yana chembe shina, wakapigwa sindano macho yote mawili kwa siku moja. Haikupita juma macho yakavuja damu, retina zikabanduka. Mmoja wao amekuwa kipofu kabisa, na wawili wamebakiwa na mwanga hafifu. Tajriba ya kweli hujaribu jicho moja ili la pili lisalimike, na kwa kawaida haimtozi mgonjwa.

Wale wa Kobe walikuwa na sababu ya kuogopa. Moja katika jeni nne za Yamanaka inajulikana kwa uhusiano wake na saratani, na baadhi ya panya wa mwanzo waliota uvimbe. Chembe iliyorudishiwa utoto hupenda kukua, na haijui yenyewe mahali pa kusimama.

Wala sikuwakatisha tamaa. Mwaka 2023, huko Tianjin, China, mwanamke wa miaka 25 mwenye kisukari cha aina ya kwanza alipandikizwa chembe zilizotokana na mafuta ya mwili wake mwenyewe, zikarudishwa utotoni kwa dawa, kisha zikafanywa ziwe za kutoa insulini. Baada ya siku 75 hakuhitaji tena sindano ya insulini. Waliomtibu walieleza wazi kwamba tayari alikuwa akitumia dawa za kupunguza kinga ya mwili, kwa kuwa aliwahi kupandikizwa ini, basi ni vigumu kujua kama bila ya dawa hizo mwili wake ungezikubali chembe mpya. Namna hiyo ndiyo ya kusema na mgonjwa.

Wanawe niliwaandikia barua waipeleke kwa hospitali ile: mmekwisha kuwatibu wangapi kwa ugonjwa huu, wangapi waliona na wangapi walipofuka, ni nani asiyekuwa ninyi aliyewakagua, na kwa nini macho mawili siku moja? Jibu lilikuja upesi. Lilikuwa na nambari ya akaunti ya benki na tarehe ya mwisho ya kulipa.

Shamba la minazi bado liko. Mama mdogo hupelekwa kwa daktari wa macho kila baada ya miezi mitatu, na alasiri watoto huja kibarazani kwake. Msahafu anashika mtoto, yeye husikiliza. Ikikosewa herufi hugonga mkeka kwa kidole, na mtoto hurudi mwanzo wa aya.