Harusi ina picha 612, bibi hayumo

Machi mwaka jana tulimzika bibi, mama yake mama, kijijini kwetu wilayani Ikungi. Siku moja kabla ya mazishi nilitumwa Singida mjini kuchapisha picha kubwa ya fremu ya kuweka mbele ya jeneza. Kazi niliiona ndogo. Miezi saba kabla ya hapo bibi alikuwa kwenye harusi ya kaka yangu, amevaa kitenge kipya, na flashi ya picha za harusi ile ilikuwa kwenye mkoba wangu.

Nilikaa kwa mchapishaji nikazipitia zote 612. Keki peke yake ilikuwa na picha 41. Kulikuwa na viatu vya bibi harusi, pete juu ya jani, gari lenye maua, wapambe wanaruka juu kwa pamoja. Bibi hayumo. Nikafungua video, inaenda zaidi ya saa mbili, nikaisogeza taratibu. Nilimpata mara moja tu, wakati watu wanapanga mstari wa kutoa zawadi: mkono wake na pindo la kitenge, anapita pembeni. Kamera ilikuwa inamfuata MC.

Picha tuliyoitumia msibani ilitoka kwenye kitambulisho chake cha taifa. Mnazijua picha zile. Bibi anaonekana kama mtu aliyeambiwa asipumue.

Aliyemchagua mpiga picha yule ni mimi. Nilikuwa katibu wa kamati ya harusi, nikapewa jukumu hilo kwa sababu ni mwandishi wa habari, kwa hiyo watu wakadhani najua. Ninaandika habari za afya. Niliangalia ukurasa wake wa Instagram, nikaona picha kali za maharusi juu ya mawe ya Ziwa Singidani jua likizama, nikauliza swali moja: mwisho ngapi? Akasema laki nne. Kamati ikanipigia makofi.

Kijana yule hakutudhulumu. Alileta alichoahidi. Hakuna aliyemwonyesha bibi ni yupi, na kwake alikuwa mama mzee mmoja kati ya wengi waliokaa kwenye viti vya plastiki nyuma ya hema.

Mwaka huu ikawa zamu ya mdogo wangu wa kike kuolewa. Kikao cha kwanza tu mama akasema, mpishi huwa mnamwonja kabla hamjamlipa, basi na mpiga picha aonjwe. Nikatumwa tena, nadhani kama adhabu.

Safari hii nilikwenda kwa watatu na ombi moja: nionyesheni harusi moja nzima, picha zote na video yote, siyo zile nzuri mlizochagua. Picha kumi nzuri kila mtu anazo. Nilitaka kuona kanisani kwenye giza, ukumbini usiku, na wazee. Wa kwanza alinionyesha video ya dakika tatu yenye muziki. Wa pili alisema kazi zake zote ziko kwa wateja. Wa tatu akaniomba nisubiri, akampigia simu mwenye harusi kumwomba ruhusa, akaweka simu kwenye spika nikasikia mwenyewe, ndipo akafungua kompyuta. Mimi kazini siwezi kumpiga picha mgonjwa wodini bila yeye kukubali. Nilipoona hilo, moyoni nilishamchagua kabla sijaona picha hata moja.

Lakini niliangalia, na nikasikiliza. Kusikiliza ndiko tunakokusahau. Anayeishi Singida anajua upepo wetu, hasa miezi hii ya kiangazi. Kwenye video ya kaka, baba anawapa maharusi baraka uani nyumbani, midomo inacheza, kinachosikika ni upepo. Maneno yale baba hakuyaandika popote. Nilipomuuliza huyu wa tatu sauti anaichukuaje, alitoa maiki ndogo iliyovalishwa manyoya ya kuzuia upepo, inayobanwa kwenye koti la msemaji. Ukumbini, akasema, ana kifaa kingine cha kurekodi anachochomeka kwenye mitambo ya muziki.

Nikamuuliza pia kama atakuja yeye au atamtuma kijana wake. Alizeti ikishauzwa harusi zinagongana Jumamosi, na studio yenye jina inaweza kuwa na kazi tatu siku moja. Kamera yake ina nafasi mbili za memori kadi na huandika zote mbili kwa wakati mmoja, ili moja ikiharibika nyingine ibaki. Tukakubaliana hafuti kitu mpaka tuwe tumepokea na kukagua. Nusu ya malipo mwanzo, nusu siku ya kukabidhiwa. Yote hayo kwenye karatasi moja yenye sahihi zetu. Droni tuliiacha. Inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na sikuona nani katika ukoo wetu anatambulika akiwa angani.

Mstari mmoja kwenye karatasi ile niliupigania: hakuna picha inayowekwa mtandaoni kabla familia haijaiona. Binamu yetu mmoja alikuwa katikati ya matibabu ya saratani Ocean Road, nywele zimeisha, uso umebadilika. Alitaka kuja na alitaka kupigwa picha. Hakutaka kujadiliwa na watu asiowajua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka taarifa za afya ya mtu kwenye kundi la taarifa nyeti, lakini sikutaka tufike kwenye sheria. Mpiga picha alisaini bila kubisha, na siku ya harusi alimfuata binamu mezani akamuuliza akae upande gani wa mwanga.

Bei ilikuwa laki tisa. Baba mdogo, mweka hazina wetu, akavua miwani. "Laki tisa, picha?" Mama hakumjibu. Aliangalia ukutani, ilipotundikwa ile picha ya kitambulisho. Baba mdogo akaandika laki tisa.

Kazi iliyobaki ilikuwa yetu wenyewe, na hii hailipiwi. Mama aliandika kwenye karatasi ya daftari majina 14 ya wazee wa pande zote mbili ambao lazima wapigwe, kila mmoja peke yake na kisha na maharusi. Mtoto wa shangazi, anayejua kila mtu ni nani kwa nani, akapewa karatasi hiyo na kazi ya kutembea na mpiga picha. Tuliwapiga kabla ya chakula. Wazee wakishakula wanaulizia usafiri. Ilichukua dakika 25, na MC alikuwa ananung'unika kwenye maiki kwamba ratiba inaharibika.

Baba na mama nao walioana kwenye miaka ya tisini, na walirekodiwa. Mkanda upo kabatini, umefungwa kwenye mfuko, na nyumba nzima hatuna mashine ya kuuchezesha. Ndiyo maana kazi ya mdogo wangu ipo kwenye flashi ya mama, kwenye kompyuta yangu, na kwenye hifadhi ya mtandaoni ambayo nywila yake tunaijua watu watatu. Picha chache tulizichapisha kwenye albamu, maana mama anaamini karatasi.

Albamu ilifika baada ya wiki sita. Mama alipita kurasa za maharusi haraka haraka, akasimama kwenye picha ya babu mzaa baba, kofia kichwani, soda mkononi, anacheka mpaka fizi zinaonekana. Tulimpelekea kijijini. Aliishika mbali na macho, akaitazama muda mrefu, akalalamika kwamba ile soda haikuwa yake, kuna mtu alimpa amshikie. Kisha akaomba nakala mbili.