Sijida Iliyorefuka Ghorofani



Msikiti wetu hapa Buguruni una ghorofa moja, na ghorofa hiyo ni ya akina mama. Kwa miaka mingi sauti ya imamu iliwafikia kwa waya mmoja uliopita ngazini, waya uliokwisha kutafunwa na panya na kuungwa kwa utepe mweusi mara zisizohesabika. Kabla ya Ramadhani kamati ikaamua uondolewe. Ukaletwa mtambo mpya: sauti hutoka kwenye kipaza cha mihrabu, huingia kwenye ruta, kisha husafiri hewani hadi spika za juu. Huko juu ukutani ikafungwa paneli ya kugusa, mfano wa tableti, ili msimamizi aongeze au kupunguza sauti kwa kidole. Kwa kuwa mtaani ndimi ninayeitwa fundi, niliagizwa niuhakiki mtandao.

Nilipanda saa nne asubuhi, ukumbi ukiwa mtupu. Kwenye kona ya kioo niliona mistari mitatu kati ya minne. Nikaridhika, nikashuka. Mama yangu aliponiuliza kama watasikia, nilimjibu kwa kujiamini, "Mama, mtandao umejaa."

Usiku wa tarawehe ya kwanza akina mama walikuwa katika sijida sauti ilipokatika. Wakasubiri takbira, haikuja. Aliyedhani imamu ameinuka akainuka, na aliyeogopa kumtangulia akabaki chini. Sisi wa chini, ambao tulikuwa tumekwisha soma Fatiha na kurukuu, hatukujua lolote. Sauti iliporejea ilizikuta safu zimevurugika, wengine wamesimama, wengine wameketi, na binti mmoja analia.

Mama hakunigombeza mbele ya watu. Tulipofika nyumbani alisema tu, "Mwanangu, sijida ile ilikuwa ndefu. Nilidhani imamu amefariki."

Maneno hayo yalininyima usingizi. Masheikh wetu wa madhehebu ya Imamu Shafi wametufundisha tangu madrasa kwamba maamuma sharti azijue harakati za imamu wake, ama kwa kumwona, ama kwa kumsikia, ama kwa kupitia mtu anayefikisha takbira. Katika maradhi ya Mtume (SAW), Sayyidna Abubakar (RA) ndiye aliyewafikishia watu takbira zake. Mimi nilikuwa nimekikabidhi kioo kazi ya mfikishaji, tena bila kukihoji.

Kesho yake nilirudi na kufungua ukurasa wa ndani wa paneli, ule ambao wengi hatuufungui. Humo nguvu ya mawimbi huandikwa kwa desibeli, kwa namba iliyo chini ya sifuri. Kadiri namba inavyoikaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu: hasi 50 ni njema sana, hasi 67 inatosha kwa sauti, na hasi 80 ni kubahatisha. Asubuhi ile ilisomeka hasi 71. Kumbe hata ukumbi ukiwa mtupu tulikuwa ukingoni, na ile mistari mitatu ilinifariji bure. Usiku nilimwomba dada yangu anipigie picha ya kioo kabla ya Isha, wanawake wakiwa wamejaa. Ilikuwa hasi 83. Tofauti ya desibeli 12 huonekana ndogo, lakini maana yake ni kwamba nguvu iliyofika ilibaki takriban sehemu moja ya kumi na sita.

Sababu zilikuwa wazi kwa aliyetaka kuziona. Sakafu ya ghorofa ni zege lenye nondo, na nondo huzuia mawimbi. Mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji, na maji huyanyonya mawimbi, kwa hiyo safu zilizojaa zilikuwa ukuta wa pili. Tena nyumba za Buguruni zimebanana. Saa tatu usiku kila mtu amerudi na simu yake. Nilihesabu mitandao zaidi ya ishirini ikigombea masafa yale yale ya gigahezi 2.4, ambamo njia zisizoingiliana ni tatu tu: ya 1, ya 6 na ya 11. Yetu ilikuwa kwenye ya 6, pamoja na nusu ya mtaa.

Tulivuta kebo mpya ndani ya bomba hadi juu, tukafunga kirusha mawimbi cha pili karibu na dari, juu ya vichwa vya watu, na kukihamishia njia ya 11. (Naam, waya tuliouaga mlangoni umerudi kwa dirishani.) Kamati nayo ikamweka mzee mmoja mwenye sauti kubwa chini ya ngazi, afikishe takbira endapo mtambo utanyamaza.

Sasa mama hataki tena kusikia habari za mistari. Kila jioni kabla ya kupanda huniuliza, "Leo ngapi?"

"Hasi 56, Mama."

"Umepima watu wakiwepo?"

"Dada amepima sasa hivi, wamejaa."

Ndipo hushika ukingo wa ngazi na kupanda.